Panya Weusi, Ndama Mwekundu

Mwalimu mkuu alinikabidhi chumba cha kompyuta kwa sababu nilikuwa nimeandika riwaya. Mwalimu wa bayolojia alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, kompyuta kumi zilikuwa zimeletwa na wafadhili zikiwa na programu mpya ya kufundishia DNA, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimekaa chini ya feni ya ofisini nikijifanya nasahihisha insha.

"Wewe ni mtu wa herufi," aliniambia. "Hii DNA nimesoma kwenye karatasi yao, ni herufi nne tu. Kiswahili kina ngapi?"

"Zaidi ya ishirini, mwalimu."

"Basi hapo unateremka. Hata hupandi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye sayansi, kwa mteremko.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mahindi ya chakula cha mchana. Mahindi yalihamishwa, harufu ikabaki, na fukusi waliokataa kuhama walitembea juu ya vioo vya kompyuta polepole kama wakaguzi wa elimu. Dirisha lilitazama barabara. Mabasi ya Malindi na ya Lamu yalipita na kutuachia vumbi, na siku za mnada wa mifugo wa Garsen ng'ombe walipita karibu sana na ukuta, ungedhani nao wamesajiliwa kwa mtihani.

Ukifungua programu, ngazi ndefu iliyojisokota ilijitokeza kwenye kioo, nyekundu, kijani, buluu na manjano, ikizunguka taratibu. Halafu sauti ya mwanamume ilikukaribisha kwa Kiingereza kilichopitia puani. Wanafunzi walimwita Mjomba. Ukipatia, Mjomba alipiga makofi. Ukikosea alikuambia ujaribu tena, kwa sauti ya mtu aliyekuja kumwona mgonjwa asiyepona.

Somo la kwanza lilikuwa kujenga ngazi hiyo. Unaivuta herufi kwa mausi, unaitafutia mwenzake. A hukaa na T, C hukaa na G, na ukijaribu kumpeleka A kwa C wanasukumana kama abiria wawili waliouziwa kiti kimoja.

"Ai, ticha," alisema kijana mmoja wa kijiji cha Hewani aliyekaa nyuma, mtoto wa wakulima wa ndizi, ambaye hakuna jambo lililopita bila yeye kulitia chumvi. "Hawa wana masharti kuliko wazee wa mahari."

Wanafunzi wakishatoka, nilikuwa nabaki humo peke yangu nikiizungusha ile ngazi. Nakiri ilinitia wivu. Herufi nne tu, na zimeandika mbu, kiboko, mchicha na mwalimu mkuu, wala hazijawahi kurudishiwa mswada na mchapishaji. Mimi nilikuwa na alfabeti nzima, na wasomaji wa riwaya yangu ningeweza kuwaalika chai wote kwa birika moja. Marafiki zangu wa Nairobi, wale tunaokutana kusomeana kazi zetu na kusifiana kwa zamu, waliniambia kwa simu kwamba Garsen itanipa hadithi. Sikuwaambia kwamba kwa wakati huo Garsen ilikuwa imenipa fukusi.

Nilizaliwa Kipini, kwa watu wa samaki na maduka. Ng'ombe kwetu hujulikana akishakuwa mchuzi. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba yaliyofuata sikuyaongoza mimi. Mimi nilishika tu funguo za chumba.

Somo la urithi lilikuwa la panya. Programu ilikupa panya mweusi na panya wa kahawia, dume na jike, na katikati yao moyo mdogo mwekundu. Ukibonyeza moyo, watoto wanatokea, mchezo umekwisha, hakuna posa wala harusi. Watoto wote wa kwanza walitoka weusi. Darasa likashangilia. Kisha Mjomba akatoa agizo la pili: chukua wawili kati ya hao watoto weusi, dume na jike, uwazalishe.

Hakuna aliyebonyeza. Wanafunzi arobaini, wanne wanne kwa kila kompyuta, mikono magotini. Nikadhani mashine zimeganda.

"Ticha," akasema msichana aliyekaa mbele, wa Kiorma, binti wa wafugaji wa upande wa mbugani, sauti yake ndogo lakini haiombi ruhusa. "Hawa ni ndugu."

"Ni panya," nikasema.

"Ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Tumewazaa hapa hapa sasa hivi, tumeona."

"Mjomba ndiye amesema."

"Mjomba hana mifugo." Akageukia wenzake kutafuta mashahidi, na nusu ya darasa ikatikisa kichwa. "Nyumbani dume akikua, tunambadilisha na wa mbali, asije akapanda dada zake. Hata ng'ombe ana aibu yake, ticha."

"Mahindi yetu yote ni ndugu," yule kijana wa Hewani akadakia kutoka nyuma, "na sijawahi kuyaona yakiinamisha kichwa."

"Ndiyo maana ugali wenu una huzuni."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akagonga ukuta kutoka ofisini.

Kesho yake nilikuta wameshatatua. Walikuwa wamechukua flashi ya mmoja wao, wakawa wanahamisha panya kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kama watu wanavyoazimana madume. Panya wa kompyuta ya tatu alikwenda kuoa kwenye ya saba. Wa saba akaletwa kwenye ya tatu. Walikuwa na daftari, na ndani yake kila panya ameandikiwa mama yake, nyanya yake na kompyuta aliyozaliwa. Nilitaka kuwaambia kwamba panya wote wa programu ile walitoka kwenye jozi ile ile, nikaona nitaharibu harusi. Wakabonyeza moyo. Watoto watatu weusi, mmoja wa kahawia. Wakabonyeza tena na tena, na kila walipojumlisha watoto wengi, karibu robo yao walikuwa wa kahawia. Mjomba akapiga makofi, asijue kwamba panya wake wameozwa kwa heshima.

"Kahawia imetoka wapi, na wazazi wote ni weusi?" nikauliza, nikisoma swali kwenye mwongozo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sina hakika.

Ni yule msichana aliyejibu. "Weusi ni kama buibui, ticha. Unafunika tu, hauondoi. Kila mmoja ana rangi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na nyeusi moja, inatosha kukufunika. Nyekundu iko chini, imekaa kimya. Sasa wakikutana wawili wenye nyekundu chini, kuna mtoto atapewa nyekundu huku na nyekundu huku. Huyo hana buibui. Anatoka alivyo."

Panya wa kahawia yeye alimwita mwekundu, kama wanavyoita ng'ombe. Nikalinukuu jibu lake kwenye daftari langu la riwaya, nikaliacha humo bila kujua kwamba litatumika mapema kuliko riwaya.

Msichana huyu ndiye aliyekuwa amekopa kitabu changu. Alikikopa mwishoni mwa kidato cha tatu, likizo ndefu ya Desemba, na hakukirudisha. Sikumdai. Mwandishi mwenye msomaji mmoja hamsumbui.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, akiwa kidato cha nne, na mtihani wa taifa umebaki wiki chache, hakuonekana. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili, siku ya mnada, mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa na fimbo, halafu mkono, halafu mwanamume mrefu mwenye kikoi na kofia, ndevu zimepakwa hina. Nyuma yake alikuwa yule msichana, macho chini. Darasa lilikuwa linadurusu.

"Wewe ndiye mwalimu wa kitabu?"

"Ndiye mimi, mzee. Karibu."

Alifungua mfuko wa zamani wa unga, akatoa riwaya yangu, akaiweka mezani kama mtu anayeweka ushahidi.

"Kitabu chako imenizalia ndama nyekundu," alisema.

Nimewahi kuambiwa mengi kuhusu kile kitabu, lakini hilo hapana. Nilimpa kiti, akakataa. Akaeleza akiwa amesimama, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake.

Alikuwa na dume jeusi. Nadhani Garsen nzima ilikuwa na habari za dume lile, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mtangazaji wake: jeusi, mama mweusi, nyanya mweusi, vizazi saba bila doa. Alikuwa pia na ng'ombe jike mweusi, aliyekwisha kumzalia ndama watatu, wote weusi. Mwanzoni mwa Septemba yule jike akazaa wa nne, mwekundu kama chungu. Na jirani yake alikuwa na dume jekundu.

"Nimehesabu kurudi nyuma miezi tisa," alisema. "Inaangukia Desemba. Ndugu zake walikuwa wameenda na kundi kubwa upande wa delta. Hawa wa nyumbani alichunga yeye. Nimemuuliza, ulikuwa unafanya nini? Kitabu ilikuwa mkononi! Sasa jirani ananisimamisha mnadani, mbele ya watu, ananiambia, 'Pole, dume yako imezeeka. Yangu imekusaidia kidogo tu.'"

Kutoka nyuma ya darasa mtu alikohoa kuficha kicheko. Nilijua ni nani bila kugeuka.

"Mtoto anachunga, dume ya mtu inaingia, inamaliza kazi, inaondoka, na yeye haoni. Shule imemfundisha kutoona. Nimeleta kitabu, nimeleta na yeye, aage wenzake. Akae nyumbani."

Nikamtazama msichana. "Ulimwona dume wa jirani?"

"Sikumwona, mwalimu. Kitabu kilikuwa mkononi. Sikuwa natazama."

"Ulikuwa sura ya ngapi?"

"Ya nne."

Ningependa kuandika kwamba wakati huo nilifikiria mtihani wake na miaka yake minne ya kutembea na jua. Nilifikiria sura ya nne. Hakuna mhakiki aliyewahi kuniambia kwamba sura yangu inaweza kumzuia mtu asione ng'ombe dume. Ilichukua pumzi mbili tatu kabla sijaona aibu.

Aliyeokoa hali ni msichana mwenyewe. "Aba," alimwambia baba yake, "kabla hatujaondoka, tazama panya."

"Panya?"

"Kidogo tu. Kisha tutaenda."

Labda alikubali kwa sababu ya joto la nje, au kwa sababu darasa zima lilikuwa limeshasogea kumpisha. Alisimama nyuma ya kompyuta ya kwanza. Binti yake akakaa, akafungua programu, na Mjomba akamkaribisha kwa furaha yake yote.

"Huyu anayeongea ni nani?" mzee akauliza, akitazama nyuma ya kompyuta.

"Mjomba," darasa likajibu kwa pamoja.

"Mjomba wa nani?"

"Wa panya," alisema kijana wa Hewani.

Binti alikuwa ameshafika kwenye sehemu ya ukoo. Humo programu inakupa visanduku vitupu: panya wawili chini, wazazi wao juu, na wazazi wa wazazi juu zaidi. Unaweka rangi unazozijua, nayo inakuonyesha nani amebeba nini chini ya ngozi yake.

"Huyu jike ndiye ng'ombe wetu, Aba."

"Ng'ombe yangu haina masharubu."

"Rangi inatembea sawasawa. Mama yake alikuwa rangi gani?"

Hapo mzee alibadilika. Alishusha fimbo kutoka mabegani. Mama wa ng'ombe yule, alisema, alikuwa mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji, alikufa kiangazi kile cha mwisho kibaya. Nyanya yake alikuwa mwekundu pia, pembe moja imeinama, aliletwa na mama wa msichana huyu siku alipoolewa. Mama wa nyanya alikuwa kijivu, akavuka Tana kwa kuogelea mwaka wa mafuriko na ndama wake akimfuata mkiani. Alikwenda nyuma hivyo, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mvua yake au ukame wake, mpaka visanduku vya programu vikaisha na yeye bado anaendelea. Mimi ambaye sikumbuki jina la baba wa babu yangu nilisimama pale nimeshika chaki.

Msichana alibonyeza mwekundu kwenye kisanduku cha mama. Papo hapo jike mweusi akatokewa na alama ndogo ya kahawia tumboni.

"Imeficha," mzee akasema.

"Buibui, Aba. Mama akiwa mwekundu, lazima amempa nyekundu. Sasa dume letu. Mama yake?"

"Nyeusi."

"Nyanya yake?"

"Nyeusi. Saba zote nyeusi, kila mtu anajua."

Akabonyeza weusi juu, weusi juu ya weusi. Dume likabaki jeusi tupu, bila alama tumboni. Akabonyeza moyo. Watoto wanne weusi. Akabonyeza tena. Weusi. Tena. Mjomba akapiga makofi, na hakuna mtu mwingine aliyepiga.

"Dume kama hili," alisema taratibu, "halipati mtoto mwekundu kwa ng'ombe wetu. Hata tukibonyeza mpaka jioni."

Akautoa mkono kwenye mausi, akauweka mapajani. Nilielewa, na darasa likaelewa kabla yangu. Kama dume ni jeusi vizazi saba, basi ndama ni wa jirani, na aliyekuwa anachunga ni yeye. Alikuwa amemleta baba yake aione mashine, na mashine ilikuwa imemhukumu.

"Dada, umejifunga mwenyewe," kijana wa Hewani alinong'ona, na kwa mara ya kwanza muhula ule hakukuwa na mzaha ndani yake.

Baba mtu alikuwa ameshinda. Dume lake lilikuwa limethibitishwa na kompyuta ya wafadhili, angeweza kwenda nalo mnadani siku hiyo hiyo kwa majigambo mapya. Lakini hakuondoka. Alibaki amekitazama kile kisanduku cha mama wa dume, ndevu zake nyekundu karibu ziguse kioo. Fukusi mmoja akavuka kioo kizima, akafika upande wa pili, mzee bado anatazama.

"Hiki kisanduku," akasema hatimaye. "Mtu akikosea, kinabadilishwa?"

"Kinabadilishwa, Aba."

"Na mahali pengine haiandiki kwamba amebadilisha?"

"Haiandiki."

Akanigeukia. "Mwalimu, waambie watoto waangalie barabara."

"Hebu wote tazameni dirishani," nikasema.

Wanafunzi thelathini na tisa waligeukia dirisha kwa utii ambao sikuwahi kuuona tangu nianze kazi, na sioni kwa nini nisiseme kwamba kioo kile cha dirisha, ukikitazama kwa pembeni, hutoa sura ya chumba chote vizuri kabisa.

Mzee akaweka mkono kwenye mausi. Mkono ulikuwa mkubwa, mausi likapotea ndani yake. Mshale ukaruka hadi pembeni, ukarudi, ukampita mama wa dume, ukaenda kwa nyanya. Binti akaweka kidole chake juu ya kidole cha baba yake. Mshale ukarudi kwa mama, ukatulia. Mzee akabonyeza mwekundu.

"Nilimchukua akiwa ndama, huko juu upande wa Hola," alisema, si kwetu, kwa kompyuta. "Mama yake alikuwa amesimama hapo hapo. Nyekundu, kama tofali. Siku nimefika naye Garsen, mtu akaniuliza mbele ya watu, mama yake ni rangi gani? Nikasema nyeusi. Sijui kwa nini. Halafu kila mwaka nikaongeza kizazi."

Dume kwenye kioo lilipata alama ya kahawia tumboni.

Binti akabonyeza moyo. Weusi watatu. Mwekundu mmoja.

Mzee alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Uso wake ukaanza kufunguka. "Tatu nyeusi, ya nne nyekundu! Ng'ombe yangu imezaa tatu nyeusi, na huyu ni wa nne. Ng'ombe imefuata hesabu sawasawa!"

Nilijua amekosea. Hata mimi, mtu wa herufi, nilikuwa nimejifunza kiasi hicho. Nafasi moja kati ya nne haipigi foleni, haingoji watatu wapite. Lakini kosa lile lilikuwa zuri, lilikuwa limebeba mkoba wa msichana na kumrudishia kwenye dawati, na mimi nimeandika uongo mwingi kwa sababu ndogo zaidi. Nikanyamaza. Nilimtazama msichana kwa macho ya kumwambia, nyamaza na wewe.

"Si zamu, Aba," alisema.

"Nini?"

"Haifuati zamu. Kila mimba inaanza upya. Angeweza kuzaa mwekundu wa kwanza, au asimzae kabisa. Na hii haisemi kwamba dume la jirani halikuja. Inasema tu kwamba letu linaweza kuzaa mwekundu. La jirani pia linaweza."

Nikatamani kumfinya. Darasa lililokuwa linatazama barabara likaguna.

Baba yake akamgeukia. "Wewe unataka kurudi shule, au unataka kubishana?"

"Vyote viwili, Aba."

"Kwa hivyo hii mashine haijui ndama ni wa nani."

"Haijui."

"Wewe hujui."

"Sijui."

"Na huyu Mjomba?"

"Huyo hajui hata ng'ombe ni nini."

Mzee alichukua fimbo yake, akairudisha mabegani, na nikaona kwamba kwa sababu ambayo sikuielewa vizuri jibu hilo lilikuwa limempendeza kuliko ile hesabu nzuri. "Basi nimebaki mimi," akasema. "Ndama ni wa dume yangu. Nimesema. Mtihani ni lini?"

Nikamwambia.

"Atakuja kesho. Lakini likizo ikifika atachunga, na akitaka kusoma huko porini, asome amesimama." Akafika mlangoni, akageuka. Wanafunzi bado wameikodolea macho barabara. "Na nyinyi. Maneno ya mama wa dume isitoke humu ndani."

"Ndiyo, mzee!" sauti thelathini na tisa.

Siri ilitoka kabla ya alasiri. Kijana wa Hewani mpaka leo anaapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu, shangazi yake, na si kosa lake kwamba shangazi huyo anauza chai katikati ya mnada. Jirani mwenye dume jekundu alikutana na baba wa msichana karibu na mizani, akamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha mabasi: "Habari ya dume la buibui?"

Nilidhani nimemharibia mtu maisha. Mnada uliofuata nilikwenda mwenyewe kuangalia, nikijifanya natafuta vitunguu. Mzee alikuwa ameleta dume lake, amelishika kamba, amesimama nalo palipo na watu wengi. Jeusi kweli, jeusi la kung'aa. "Mama yake alikuwa nyekundu," alikuwa akimwambia kila anayepita. "Mimi nimesema yangu. Sasa na wewe sema yako, hiyo yako inaficha nini?" Ilipofika saa sita, nusu ya wanaume wa mnada walikuwa wanakumbushana rangi za nyanya wa madume ya wenzao, sauti juu, vidole hewani, na jirani mwenye dume jekundu alikuwa anatafutwa na watu watatu waliokumbuka kitu kuhusu ng'ombe mwenye madoa.

Msichana alifanya mtihani wake wote. Swali la urithi lilikuja, akaniambia, lilikuwa la maua, akalijibu kwa kuyafikiria kama ng'ombe.

Siku ya mwisho alipita chumba cha kompyuta kunirudishia kitabu, alichokuwa amekopa tena, safari hii kwa mkono wake, bila mfuko wa unga. Nilimwambia akae nacho. Akashukuru. Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa tangu siku ile: kwa nini baba yake alisema asome amesimama? Mtu aliyezama kwenye kitabu haoni dume, awe amekaa au amesimama.

Aliifungua riwaya yangu katikati, akaifunga. Alikuwa anajizuia kucheka, na kwa heshima akashindwa.

"Ticha," alisema, "Aba si mjinga. Anajua ile sura ya nne nililala."